KISIWA CHA LAMU: VIVUTIO VYAKE NA FUNZO KWETU ISINYA

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na sijawahi kuona bahari. Bahari yangu ni bwawa la ng'ombe. Lakini tulipoambiwa chamani tueleze kivutio kimoja cha watalii, nilichagua kisiwa cha Lamu. Nitaeleza niliyoyasoma.

Lamu iko kaskazini mwa pwani ya Kenya. Ukitoka Mombasa kwa basi unapita Malindi na Garsen hadi Mokowe, kisha unavuka kwa mashua. Vivutio vyake ni hivi:

Kwanza, mji wa kale. Mwaka wa 2001 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na milango imetiwa nakshi.

Pili, ngome. Ilianzwa kujengwa baada ya vita vya Shela, Waamu walipowashinda Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate. Ilikwisha mwaka wa 1821 hivi. Baadaye ikawa jela hadi 1984. Sasa ni makumbusho.

Tatu, Maulidi. Kila mwaka wageni hufurika katika Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh. Huwa kuna mashindano ya majahazi na ya punda.

Ndiyo, punda! Hapa nilishtuka. Mitaa ya mji wa kale ni myembamba, gari haipiti, basi punda ndiye lori. Huko kuna hata kituo cha kumtibu. Mimi kila Jumamosi huswaga punda wetu na jerikeni nne kwenda kuteka maji, na nikiona wanafunzi wenzangu barabarani najificha nyuma yake. Kumbe kuna watu wanapanda ndege kuja kumtazama!

Mwisho, matuta ya mchanga ya Shela. Watalii huyapiga picha, lakini kazi yake kubwa haionekani. Mvua ikinyesha, maji hupenya mchangani yakakaa chini, na visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha mji. Mchanga huo ukijengwa majumba na vyoo, maji yataharibika, na kisiwa kitabaki na maji ya chumvi tu.

Wenzangu wa Kajiado, sisi nasi tuna mchanga. Uko mitoni, na ukichimba kidogo wakati wa kiangazi unapata maji. Lakini kila siku malori yanaubeba kwenda kujenga nyumba za Nairobi. Pesa huisha kwa wiki moja, na punda wetu anazidi kwenda mbali. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

ZOEZI
1. Taja vivutio vinne vya Lamu.
2. Eleza jinsi mchanga unavyohifadhi maji.
3. Kwenu kuna kivutio gani ambacho unakionea haya?