Jino moja mbele: sproketi za pikipiki kwa njia za Kasongo na Kabambare

Mvua ikinyesha mfululizo, udongo mwekundu wa barabara ya Kasongo–Kabambare hugeuka utelezi mtupu, na hapo dereva hujua kama pikipiki yake imefungwa sproketi za kazi anayoifanya. Nyuma amepakia abiria na bidoni za mawese. Anafika kwenye mpando, anaingiza gia ya kwanza, na bado pikipiki inataka mwendo ambao njia haiuruhusu. Inabidi ashike klachi nusu, aachie, ashike tena. Harufu ya sahani za klachi zinazoungua humfikia kabla hajamaliza mpando.

Injini haina kosa. Pikipiki nyingi za kazi mbili, lami na porini, hupangwa kiwandani ili zisikere kwenye barabara kuu zikiwa na mtu mmoja. Honda CRF250L, kwa mfano, hutoka na meno 14 mbele na 40 nyuma. Ukigawa 40 kwa 14 unapata 2.86, maana yake sproketi ya mbele huzunguka karibu mara tatu ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Namba hiyo ikipanda, gurudumu hupata nguvu zaidi na mwendo hupungua.

Fundi anayejua kazi huanzia mbele. Akitoa sproketi ya meno 14 na kufunga ya 13, hesabu inafika 3.08, nguvu imeongezeka kwa karibu asilimia 8. Ili apate hivyohivyo upande wa nyuma, lazima atafute sproketi ya meno 43, na mara nyingi cheni ndefu zaidi. Sproketi ya mbele ni ndogo, bei yake nafuu, na dereva anaweza kubeba ile ya zamani mfukoni akairudisha kiangazi.

Lakini jino hilo moja lina gharama. Kwenye cheni ya 428, iliyozoeleka katika pikipiki ndogo, kutoka meno 14 hadi 13 hupunguza kipenyo cha sproketi kwa milimita 4 hivi. Cheni inakunjwa zaidi kila inapopita, na inakaribia mpira unaolinda mkono wa gurudumu la nyuma. Kwa hiyo mimi sishauri kushuka chini ya 13. Anayehitaji nguvu zaidi ya hapo aongeze meno nyuma. Namba 13 ina faida yake pia: cheni huwa na pingili za idadi shufwa, kwa hiyo sproketi yenye meno witiri hukutanisha kila jino na pingili za ndani na za nje kwa zamu, na meno yanalika sawasawa.

Jaribio la kuaminika ni mpando unaoujua, ukiwa na mzigo wako wa kila siku. Weka gia ya kwanza, achia klachi yote, upande kwa mwendo wa mtu anayetembea. Injini ikivuta bila kugonga, umepata. Halafu nenda mahali tambarare: ikiwa gia ya mwisho inapiga kelele kwenye kilomita 50 kwa saa na petroli inaisha haraka, umepunguza kupita kiasi. Anayebeba mizigo kuelekea Namoya na anayezunguka mjini Kasongo na abiria mmoja hawana sababu ya kufunga sproketi sawa, hata kama pikipiki zao ni za aina moja.

Yamaha AG100 na AG200, zilizobuniwa kwa ajili ya wakulima, zimefunika cheni yote ndani ya kasha. Cheni iliyo wazi hailindwi hivyo. Tope na mchanga huisaga haraka. Pima pingili 20 za cheni ya 428 ikiwa imevutwa: mpya ni milimita 254. Ikifika 259, badilisha cheni pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyopinda kama ndoana haikai.

Kulegea kwa cheni nako hupimwa vibaya sana. Watu hukaza cheni pikipiki ikiwa tupu, kisha wanapakia gunia la mchele. Mzigo ukishusha nyuma, ekseli, bawaba ya mkono na sproketi ya mbele hukaribia kukaa kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo cheni hukaza kuliko wakati wote. Mwombe mwenzako aikalie pikipiki, mzigo uwepo, ndipo uangalie kama bado inacheza kidogo.

Kwenye pikipiki ambazo kipima mwendo husoma kutoka gia boksi, namba itaonyesha zaidi ya mwendo halisi baada ya kupunguza jino mbele. Zile zinazosoma kutoka gurudumu la mbele hazibadiliki. Baada ya safari ya kwanza, kaza tena nati ya ekseli na ukague boliti za sproketi ya mbele.