Kuuza Mti Bila Kuuza Msitu
Somo la robo hii kwa kamati za maendeleo za parokia na vigango



Vijiji vingi, na hata parokia kadhaa, vina mali ambayo haijawahi kuandikwa katika daftari la hesabu. Mali hiyo ni miti ya mbao ngumu iliyosimama porini: mninga, mkongo, mpingo, mvule. Kwa kuwa haikupandwa na mtu, wengi huiona kama haina bei. Mnunuzi anayefika na gari lake anaijua bei. Somo hili linaeleza namna ya kuuza miti hiyo ili jumuiya ipate fedha halali leo, na wajukuu nao wakute msitu.

1. Yaliyotokea kusini

Mwezi Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji. Kabla ya hapo safari ya kusini ilitegemea kivuko. Daraja lilileta baraka nyingi, lakini pia lilirahisisha njia ya magogo kutoka Rufiji, Kilwa na Lindi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu biashara hiyo. Ilionyesha kuwa Serikali Kuu na halmashauri zilikuwa zikikosa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa. Wanakijiji ambao miti ilitoka kwao waliambulia kidogo sana, kwa sababu waliuza bila kupima na bila kujua bei ya sokoni.

Huko huko Kilwa kuna mfano wa upande wa pili. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kunufaika na mauzo yake. Kwa msaada wa shirika la kuhifadhi mpingo la MCDI, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipima misitu yao na kuandika mpango wa uvunaji. Mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Mpingo wake hutafutwa na watengenezaji wa zumari za Ulaya na wachongaji wa Kimakonde vilevile. Vijiji vingine vya eneo hilo vilifuata, na mapato ya mbao yamejenga madarasa na kuchimba visima.

Tofauti ya hali hizi mbili ni kalamu, utepe wa kupimia na mkutano wa kijiji.

2. Maandiko yanatufundisha nini?

Tusome pamoja 1 Wafalme sura ya 5. Sulemani alihitaji mierezi na miberoshi ya Lebanoni kwa ajili ya Hekalu. Hiramu, mfalme wa Tiro, hakumwambia aje akate atakavyo. Watu wa Hiramu ndio walioikata miti na kuifikisha kwa njia ya bahari. Hiramu ndiye aliyetaja malipo anayoyataka, yaani chakula cha nyumba yake, na alilipwa mwaka kwa mwaka. Mwenye msitu alijua alichonacho, akasimamia ukataji mwenyewe, akapanga malipo. Biashara ile haikuvunja urafiki wao, walifanya mapatano.

3. Hatua tano kabla ya shoka

Kwanza, hakikisha umiliki. Je, ardhi ni ya parokia, ya kijiji au ya mtu binafsi? Hati iko wapi, na mipaka inajulikana kwa majirani?

Pili, hesabu miti. Pima unene wa kila mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Andika aina yake na ulipo.

Tatu, weka kiasi cha kuvuna. Tuchukue mfano. Msitu una miti 300 ya mninga iliyofikia kipimo. Mnaacha 60 kwa ajili ya mbegu na iliyo kandokando ya vijito. Inabaki 240. Ikiwa miti midogo inahitaji miaka 30 kufikia kipimo hicho, gawanya 240 kwa 30. Mtakata miti 8 kwa mwaka, si zaidi. Miti ya leo ikiisha, ile midogo itakuwa tayari.

Nne, fuata sheria. Muone ofisa misitu wa wilaya mapema, maana kanuni hubadilika. Miti ya asili iliyohifadhiwa kisheria huhitaji kibali hata ikiwa katika shamba lako. Gogo hugongwa nyundo ya alama, na gari huhitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. 

Tano, linda kinachobaki. Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukijijenga chini, ndipo hupanda juu. Anayedhani umekufa hulima juu yake. Mpingo nao huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa, na moto mkali huuozesha moyo wa mti. Kwa hiyo safisheni njia za kuzuia moto, na pale inapokubalika chomeni nyasi mapema, mara baada ya mvua, zikiwa bado na unyevu.

4. Kupima gogo

Usiuze kwa mti wala kwa safari ya gari. Uza kwa mita za ujazo. Pima kipenyo cha gogo katikati, kigawe kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa urefu.

Gogo la kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 2.5:
0.2 × 0.2 × 3.14 × 2.5 = mita za ujazo 0.314.

Mnunuzi akisoma sentimita 36 badala ya 40, jibu linakuwa 0.254. Sentimita nne tu zimeondoa karibu sehemu moja ya tano. Kwa magogo kumi, ni kama kumpa karibu magogo mawili bure. Kwa hiyo utepe ushikwe na mwanakamati, na mwingine aandike.

5. Fedha na uaminifu

Mnunuzi mjanja huja wakati wa shida, ada za shule zikidaiwa, na malipo ya awali mkononi. Akishampa mwenyekiti fedha hizo nyumbani, bei imekwisha kuamuliwa. Kataeni. Malipo yapite benki, watia sahihi wawe watatu, na hesabu isomwe mbele ya mkutano na kubandikwa ubaoni. Sehemu fulani irudi msituni kila mwaka kwa doria na mipaka.

Kwa wafadhili wetu: gharama kubwa ya kazi hii huja kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Kuchora ramani, kuhesabu miti na kuandika mpango huchukua muda, na jumuiya nyingi hukwama hapo, kisha huuza kwa bei ya kutupa. Msaada unaotolewa katika hatua hiyo hausomeki kwenye bango la jengo, lakini ndio unaoiwezesha jumuiya kujijengea lenyewe miaka inayofuata.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, parokia au kijiji chetu kina msitu? Nani anajua mipaka yake?
2. Mara ya mwisho mti ulipouzwa, ulipimwa? Nani alishika utepe?
3. Tukiambiwa leo tukate miti yote ili tumalize paa la kanisa, tutajibu nini?
4. Nani kati yetu atakwenda kwa ofisa misitu kabla ya kikao kijacho?

Andikeni majibu katika muhtasari wa kikao, na nakala moja iletwe ofisi ya maendeleo. Mungu aliyetukabidhi bustani atuongoze katika kuilima na kuitunza.