Urithi wa Tumbo la Mama: Somo kwa Wafugaji Kutoka Ukoo wa Farasi wa Mashindano

Mtu atokaye Ngara kwenda Kariokor, Nairobi, hupita katika barabara iitwayo Race Course Road, yaani barabara ya uwanja wa mbio za farasi. Wengi wakaao Ziwani, Starehe, Pumwani na Shauri Moyo huipita kila siku wasijiulize jina hilo lilitoka wapi. Zamani farasi walishindanishwa upande huu wa mashariki ya mji, mpaka mwaka 1954 mashindano yalipohamishiwa uwanja mpya wa Ngong Road. Mwaka 1926 farasi jike aitwaye Wise Child, aliyefunzwa na Bibi Beryl Markham, alishinda mbio kubwa ya St Leger hapa Nairobi. Uwanja ule wa zamani umekwisha, na jina la barabara ndilo lililobaki.

Basi habari za farasi zamfaa nini mtu wa Makongeni au Kaloleni? Zamfaa sana. Wengi wakaao katika nyumba hizi wana ng'ombe mmoja au wawili nyumbani kwao mashambani. Habari zikija kwamba karo ya shule inatakiwa, na mitamba waliopo ni wawili, swali ni moja tu: yupi auzwe, na yupi abaki? Mara nyingi huuzwa yule apendwaye na wanunuzi, mnene na mwenye rangi nzuri, na mwenzake hubaki kwa kuwa hakupata bei. Pengine siku hiyo mwenye ng'ombe ameuza maziwa ya wajukuu wake pasipo kujua. Wafugaji wa farasi walijifunza jambo hili kwa fedha nyingi. Sisi twaweza kujifunza kwao bure.

KITABU CHA UKOO

Farasi wa mbio aitwaye Thoroughbred alipatikana Uingereza zaidi ya miaka 250 iliyopita. Husifiwa sana madume watatu walioletwa kutoka nchi za Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Kila Thoroughbred aliye hai leo, ukihesabu baba kwa baba, hufika kwa mmoja wao.

Lakini mwaka 1791 Bwana James Weatherby alipotoa kitabu cha kwanza cha ukoo wa farasi hao, kazi ilianza kupangwa kwa majina ya majike. Chini ya jina la kila mama huandikwa watoto wake, mwaka waliozaliwa, na baba wa kila mmoja. Baadaye, katika karne ya 19, Bwana Bruce Lowe wa Australia alifuata vitabu hivyo mama kwa mama mpaka mwanzo, akazipa koo namba. Namba hizo zinatumika mpaka leo.

Iko desturi nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi. Farasi wawili wakiwa na baba mmoja na mama mbalimbali, wafugaji hawawaiti ndugu, kwani dume mmoja aweza kuzaa watoto zaidi ya 100 katika mwaka mmoja. Huitwa ndugu wale tu waliotoka kwa mama mmoja. Sisi nasi twasema "ndugu wa tumbo moja", na neno hilo lina uzito wake.

JIKE ASIYESHINDA HATA MARA MOJA

Mwaka 1837 alizaliwa Uingereza farasi jike aliyepewa jina la Pocahontas. Alishindanishwa miaka kadhaa asishinde hata mara moja. Tena alikuwa na kasoro ya pumzi, akivuma kooni akimbiapo. Mtu atazamaye kwa macho tu angesema kwamba mnyama huyu hana faida.

Lakini mwaka 1849 alimzaa Stockwell, mwaka 1850 Rataplan, na mwaka 1851 King Tom. Stockwell alishinda mbio kubwa mbili za mwaka 1852, kisha akawa dume mashuhuri sana wa kuzalisha. Katika mbio ya Derby ya mwaka 1866, farasi watatu wa kwanza wote walikuwa watoto wake. Rataplan alishinda mbio nyingi, na King Tom alikuwa wa pili katika Derby ya mwaka 1854.

Tafadhali angalia jambo hili kwa makini. Stockwell na Rataplan walikuwa wa baba mmoja, lakini King Tom alikuwa na baba mwingine. Baba alibadilika, wema ukabaki. Basi huwezi kuwapa baba peke yao sifa zote.

Katika siku zetu hizi yuko mfano kama huo. Farasi jike Urban Sea alishinda mbio kubwa ya Ufaransa, Prix de l'Arc de Triomphe, mwaka 1993. Mwanawe Galileo alishinda Derby mwaka 2001, na mwanawe mwingine, Sea The Stars, akaishinda mwaka 2009. Hao nao walikuwa na baba mbalimbali, na tumbo moja.

SABABU YAKE

Kila mnyama hupata nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Hata hivyo, mama huongeza mambo mengine. Kwanza, iko sehemu ndogo ya urithi, ihusuyo nguvu ndani ya mwili, ambayo hupitishwa na mama peke yake. Pili, mtoto hukaa tumboni mwake, naye farasi huchukua mimba kwa muda wa miezi 11 hivi. Tatu, mama hunyonyesha.

Mwaka 1938 wataalamu Walton na Hammond wa Cambridge walieleza jaribio lao. Walichanganya farasi mkubwa sana wa kabila la Shire na farasi mdogo sana wa kabila la Shetland. Mtoto aliyezaliwa na mama mkubwa alikuwa na uzito wa kiasi cha mara tatu kuliko yule aliyezaliwa na mama mdogo, ijapokuwa wote wawili walikuwa na damu nusu kwa nusu. Tofauti ile haikutoweka hata walipokua.

Lakini tusizidishe maneno. Si kila mtoto wa mama bora huwa bora. Pocahontas alizaa watoto 15, wala si wote waliosifika. Chakula, maji, matibabu na uangalizi vina kazi kubwa pia. Ukoo ni tumaini, nao hautoshi bila kazi.

LA KUFANYA NYUMBANI

Tangu mwaka 1946, Kabete pamekuwa na kituo cha mbegu za ng'ombe kwa sindano, na wafugaji wengi wamepata madume bora kwa njia hiyo. Hili ni jambo jema. Lakini mfugaji huuliza sana habari za fahali, na akiulizwa habari za bibi ya ndama wake, hana la kujibu. Amejua nusu ya mambo, na nusu ameiacha gizani.

Dawa yake ni daftari moja na kalamu. Kila ng'ombe jike apewe ukurasa wake, yaandikwe haya:

1. Tarehe aliyozaliwa, jina la mama yake, na jina au namba ya fahali.
2. Kila tarehe aliyozaa, na kama alizaa salama.
3. Kiasi cha maziwa, kipimwe kwa chombo kile kile, walau siku moja kila juma.
4. Magonjwa aliyoyapata, na chakula alichopewa.

Daftari hili litamwonya mfugaji pia asimpandishe mtamba kwa baba yake mwenyewe, kosa litokealo upesi mahali ambapo kumbukumbu hazipo.

Basi siku ya karo ikifika, mtu aliye Makongeni hatauliza tena, "Yupi mnene?" Ataomba asomewe kurasa mbili za daftari. Akisikia kwamba mama wa mtamba yule mwembamba amezaa kila mwaka bila taabu, na binti zake wakubwa wamejaza ndoo, atajua la kufanya. Mnene atakwenda sokoni, na karo italipwa. Mwembamba atabaki, atalishwa vizuri, na jina lake litaandikwa juu ya ukurasa mpya.