Kabla ya Masika, Chagua Oili kwa Kuifikiria Klachi

Masika yakianza Machi, njia za mashamba ya milimani kama Lushoto huwa utelezi mtupu. Kazi ya kupandisha mbolea na kushusha kabichi, karoti na viazi huangukia pikipiki, toyo na, kwa wachache wenye uwezo, pikipiki za magurudumu manne. Wenye vyombo hivi hujiandaa kwa tairi za meno na mnyororo mpya, lakini wakifika kwenye oili huomba tu “oili nzuri”, na muuzaji huwapa ileile anayompa mwenye gari. Hapo ndipo hasara ya msimu inapoanzia. Oili ya chombo cha aina hii ichaguliwe kwanza kwa mahitaji ya klachi, kisha unene, na bei ije mwisho.

Sababu iko kwenye muundo wa chombo chenyewe. Gari la gia za mkono lina oili ya injini na oili ya giaboksi, kila moja mahali pake, na klachi yake kwa kawaida hukaa pakavu. Pikipiki nyingi za gia, pamoja na toyo zenye injini za namna hiyo, hutumia oili moja, takribani lita moja tu, kulainisha injini na gia, na klachi nayo imezama humohumo. Klachi hiyo ni pleti kadhaa zinazobanwa na springi, na nguvu ya injini hufika kwenye tairi kwa sababu pleti hizo zimeshikana. Oili nyingi za kisasa za magari ya petroli, hasa nyepesi kama 0W-20 na 5W-30, hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari lisile mafuta mengi. Kwenye klachi iliyozama, kemikali hizo zinaweza kuzifanya pleti ziteleze: injini inalia, chombo hakivuti, joto linapanda na pleti zinaungua. Matope huongeza balaa, maana dereva hulazimika kuibana klachi nusu kwa muda mrefu huku gunia likiwa nyuma.

Tatizo hili lilipatiwa kipimo huko Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, kiitwacho JASO T 903. Kipimo hicho huangalia msuguano wa pleti zikiwa zinateleza, msuguano zikiwa zimeshikana, na muda zinaotumia kusimama. Oili yenye msuguano wa kutosha huandikwa MA, MA1 au MA2. Ile yenye msuguano mdogo huandikwa MB, nayo hufaa skuta za mkanda, ambazo klachi yake haiogi oili ya injini. Vitabu vya pikipiki za Honda hutaja MA waziwazi na kukataza oili za magari zenye alama ya kuokoa nishati. Kwa hiyo geuza chupa usome nyuma; picha ya pikipiki iliyo mbele haithibitishi lolote. Unene, uwe 10W-30 au 20W-50, fuata kitabu cha chombo chako, kwani namba hizo peke yake hazisemi klachi itashika au itateleza.

Wapo watakaosema kwamba madereva wengi hutumia 15W-40 ya magari ya dizeli na klachi zao ni nzima. Ni kweli, na haipingani na hoja hii: oili nyingi za aina hiyo hazina kemikali za kupunguza msuguano, na baadhi zimeandikwa MA kabisa. Zenye alama hiyo hazina tatizo. Zisizo nayo ni kubahatisha. Wengine hudhani oili namba 90 ya gia ni nzito zaidi, hivyo italinda gia vizuri. Oili za gia hupimwa kwa mizani yake. Namba 90 ikiwa ya moto hukaribiana na 40 au 50 ya injini. Isitoshe, viungo vyake havikutengenezwa kwa ajili ya pleti wala injini. Mahali pake ni kwenye difu ya toyo, pale kitabu kinapoitaja.

Hata hivyo, usiibebeshe oili kila lawama. Waya wa klachi uliobana mno, springi zilizochoka na pleti zilizoisha huleta dalili zilezile, kwa hiyo fundi aanze na waya. Ukivuka maji, kagua oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwage. Na ukiona MA ina bei, linganisha tofauti ya lita moja na gharama ya pleti mpya, ufundi, na kabichi zinazooza njiani wakati lori la Dar es Salaam limeshaondoka.