Hula: Ngoma Iliyokuwa Kitabu

Muhula huu katika somo la Jiografia tulijifunza habari za Visiwa vya Hawaii, vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Nilipopewa kazi ya kuandika juu ya ngoma yao iitwayo hula, nilinung'unika moyoni. Nilidhani ni kukata viuno tu mbele ya watalii. Sasa naiona haya dhana ile, na nataka kueleza sababu yake.

Kwanza, yafaa tujue kwamba watu wa Hawaii wa zamani hawakuwa na maandishi. Nasaba za wafalme, habari za miungu, safari za baharini, hata majina ya mvua za mahali mbalimbali, yote yalitungwa katika nyimbo na kuhifadhiwa kichwani. Hula ni wimbo huo ukionyeshwa kwa mwili. Mikono huonyesha wimbi, ua au mlima. Miguu hufuata mapigo ya buyu, au ya ngoma iliyowambwa ngozi ya papa. Pasipo maneno hapana hula. Mwalimu wake huitwa kumu, na neno hilo maana yake pia ni shina la mti. Zamani wanafunzi wake walishika miiko mikali mpaka wahitimu.

Pili, tutazame misukosuko iliyoipata. Wamisionari kutoka Marekani walifika mwaka 1820. Walileta elimu ya kusoma na kuandika, lakini hula waliiona kuwa ni ushenzi. Mwaka 1830 Malkia Ka'ahumanu, aliyekuwa amekwisha kubatizwa, aliipiga marufuku isichezwe hadharani. Hata hivyo haikufa, maana wako wazee walioendelea kuwafundisha watoto wao faraghani. Kisha akatawala Mfalme Kalākaua, tangu 1874 hata 1891. Katika sherehe za kuvikwa taji mwaka 1883 alitaka hula ichezwe mbele ya watu wote, ingawa wengine walichukizwa sana.

Mwaka 1893 ufalme ulipinduliwa. Mwaka 1896 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na Kihawaii kikaanza kusahauliwa. Lakini katika miaka ya 1970 vijana wengi waliwarudia wazee ili wafundishwe hula. Na kwa kuwa hula ni maneno, iliwabidi waitafute na lugha ya babu zao. Mwaka 1971 yakaanzishwa mashindano ya hula katika mji wa Hilo, ambayo hufanyika katika sikukuu ya kumkumbuka Kalākaua. Mwaka 1978 katiba ikakitaja Kihawaii kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi ngoma iliyodharauliwa ndiyo iliyosaidia kuinua lugha ya watu wake.

Likizo iliyopita bibi yangu alitaka kunifundisha wimbo wa kupuria mtama. Nikamjibu kwamba nina vitabu vya kusoma. Bibi hakusema neno, akaendelea na kazi yake. Likizo ijayo nitamwendea mwenyewe na kumwomba radhi, na daftari langu litakaa sandukuni mpaka wimbo ule nimeujua kwa kichwa.