Nasaba ya Watawala wa Karagwe na Namna ya Kuiandika

Wasomaji wetu, viongozi, walimu na wazee wa Karagwe na Kyerwa, leo twawaletea somo juu ya nasaba. Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Walakini asili nayo yaweza kupotoka katika mikono ya watu waipendao, kama hawajui njia ya kuipokea.

Nchi hizi, zilizogawanywa kuwa wilaya mbili mwaka 2012, zamani zilikuwa chini ya Mukama wa Karagwe. Wazee husimulia ya kwamba hapo kale nchi ilikuwa mikononi mwa Nono, mtu wa ukoo wa Wasita. Ndipo akaja Ruhinda, akamwondoa, na kwake ukatoka ukoo wa Wahinda, ambao mwiko wao ni tumbili. Wala Wahinda hawakutawala Karagwe peke yake. Watawala wa Nkore, Ihangiro, Kianja na Uzinza nao walijihesabu kuwa uzao wa Ruhinda. Kwa hiyo anayeandika nasaba ya Karagwe anagusa habari za majirani wengi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni majina yanayorudiwa. Ruhinda ni wengi, na Ntare ni wengi. Msimuliaji akichoka huwaunganisha wawili wakawa mmoja, na hapo miaka mingi hupotea kwa neno moja. Dawa yake ni kuuliza jina la sifa. Yuko Ntare aliyeitwa Kiitabanyoro, maana yake mwuaji wa Wanyoro, kwa kuwa yasimuliwa aliwashinda Wanyoro walioivamia nchi. Ukilipata jina hilo pamoja na sababu yake, Ntare huyo hatachanganyika tena na mwenzake.

Jambo la pili ni kuuliza nani anasimulia. Mukama Ndagara alipofariki, wanawe waligombea urithi. Mzungu Speke, aliyefika kwa Rumanyika pamoja na mwenziwe Grant mwezi wa Novemba 1861, aliandika kisa alichosimuliwa huko. Ngoma ndogo iliwekwa mbele ya ndugu hao. Ilikuwa nyepesi, illa kwa nguvu ya dawa hakuna aliyeweza kuiinua ila mrithi wa haki, na Rumanyika aliinua kwa kidole chake kidogo. Hata hivyo ngoma haikumaliza ugomvi. Ndugu yake, ambaye Speke amwita Rogero, alishika silaha, na Rumanyika alisaidiwa na bunduki za Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Tabora. Basi, habari ya ngoma twaipata kwa upande ulioshinda. Mwandishi mwenye haki hawezi kuifuta, kwa maana yaonyesha watu walivyoufahamu utawala, lakini atakwenda pia kuuliza wazao wa aliyeshindwa wanasema nini. Vivyo hivyo na Wasita: nchi ilikuwa na wenyewe kabla ya Ruhinda, nao wana la kusema.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni karatasi. Speke alipokaa na Rumanyika alimweleza ya kwamba ukoo wake ulitoka Uhabeshi, na ya kwamba wao ni uzao wa Mfalme Daudi. Tazameni ajabu hii! Mgeni wa majuma machache alimfundisha Mukama asili ya babu zake. Speke hakuwa na ushahidi. Alikuwa na dhana yake tu, ya kwamba utawala mwema hauwezi kuzaliwa katika nchi hizi bila kuletwa na watu wa kaskazini. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1863, na dhana za namna hiyo zikarudiwa katika vitabu vingine, hata zikaingia madarasani.

Sisi wenyewe tuliwahi kumsikiliza mzee mmoja akieleza kwa uhakika kwamba ukoo wake ulitoka Uhabeshi. Tukamwuliza, "Babu, habari hii ulipewa na nani?" Akafikiri kitambo, kisha akajibu, "Nilimsikia mwalimu akiisoma kitabuni." Kama tusingeuliza, tungeiandika kuwa neno la mababu, na kesho mtu mwingine angeisoma na kusema, wazee wamethibitisha. Hivyo ndivyo uwongo unavyopata mvi.

Basi twawaomba mfanye hivi. Kila habari iandikwe pamoja na jina la aliyeisimulia, ukoo wake, siku yenyewe, na kwa nani yeye aliipokea. Mkipata habari mbili zisizopatana, ziandikeni zote mbili. Msiwasahau shangazi na nyanya, kwani mara nyingi wao ndio wajuao nani aliolewa wapi.

Zamani watu wa nyumba ya Mukama walikuwa na wajibu wa kukumbuka. Tangu mwaka 1963 vyeo vya watawala wa jadi viliondolewa Tanganyika, na wajibu huo ukabaki bila mwenyewe. Mwenyewe sasa ni kila ajuaye kusoma na kuandika. Mzee akilala hatumwamshi tena tumwulize. Twende leo, angali barazani.