Lishe na Mazoezi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Virutubisho vya Nyongeza

Katika maduka ya dawa, kumbi za mazoezi na mitandao ya kijamii, walaji huuziwa unga wa protini, vidonge vya kupunguza uzito na vinywaji vya kuongeza nguvu. Bei ya kopo moja inaweza kuzidi fedha ya chakula cha familia kwa wiki nzima. Katika somo hili tunaeleza namna lishe na mazoezi vinavyotegemeana, ili mlaji aweze kupima madai ya muuzaji kabla ya kulipa.

Namna mwili unavyofanya kazi

Misuli hutumia wanga uliohifadhiwa mwilini kama akiba ya nishati. Akiba hiyo ikipungua, mtu huchoka mapema. Protini hujenga na kukarabati misuli, lakini mazoezi ndiyo yanayouchochea mwili kuitumia kwa kazi hiyo. Protini ya ziada isiyoambatana na mazoezi haijengi misuli mipya. Vivyo hivyo, afanyaye mazoezi makali huku akijinyima chakula hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Madini ya chuma nayo ni ya lazima, kwa kuwa damu huyahitaji ili kusafirisha oksijeni. Hupatikana katika nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza chuma ambacho mwili hupata kutoka kwenye maharage na mboga, ilhali chungwa au embe hukiongeza.

Mahitaji halisi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kwa kawaida mtu mzima huhitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60, kwa mfano, huhitaji gramu 48. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa, mayai mawili na glasi moja ya maziwa humpatia takribani gramu 50. Mwanamichezo huhitaji zaidi, yaani gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo, na mara nyingi kiasi hicho pia hupatikana katika chakula cha kawaida.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji 10 mahiri wa Kenya ulionyesha kwamba takribani robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, na ugali ulikuwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu.

Kusoma lebo

Soda ya mililita 500 yenye gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100 ina jumla ya gramu 53 za sukari, sawa na kalori 212. Mtu wa kilo 60 atahitaji kutembea kwa kasi takribani dakika 50 ili kuzitumia. Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja, maji safi yanatosha kwa watu wengi.

Kabla ya kununua, tunamshauri mlaji:

1. Ahakikishe lebo ina jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.
2. Alinganishe bidhaa kwa kiasi cha protini katika kila gramu 100, kwa kuwa ukubwa wa kipimo kimoja hutofautiana.
3. Aepuke bidhaa inayoahidi kupunguza uzito haraka bila kubadili mlo wala kufanya mazoezi. Baadhi ya bidhaa za aina hiyo zimebainika kuwa na sibutramini isiyotajwa kwenye lebo. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.
4. Amwone mtaalamu wa afya kwanza endapo ni mjamzito, au ana shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa figo.
5. Adai stakabadhi na kuitunza.

Mlaji akipata mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kizunguzungu au maumivu ya kifua baada ya kutumia bidhaa, aache kuitumia mara moja, aende kituo cha afya akiwa na kopo lake, kisha atoe taarifa kwa mamlaka husika. Kopo na stakabadhi ndivyo vitakavyotuwezesha kuifuatilia bidhaa hiyo hadi ilikotoka kabla haijamfikia mtu mwingine.